Baba Alinisindikiza Hadi Kwenye Kozi ya Sayari

Picha mmeiona nyote. Wanafunzi wamevaa fulana za kozi na kofia za jua, nyuma yao mawe makubwa ya ufukweni, na katikati kabisa, pale ambapo angetakiwa kukaa mgeni rasmi, amekaa baba yangu na mwavuli wake mapajani. Tangu picha hiyo irushwe kwenye kundi letu la waliosoma jiolojia, simu yangu haijapumzika. "Kabula, yule mzee ni profesa wa wapi?" "Kabula, siku hizi mnaenda kozi na wazazi?" Mmoja wenu, na anajijua, ameuliza kama Baba naye alipewa posho.

Basi nimeamua kukaa chini niwasimulie wote kwa pamoja. Habari za kuomba nafasi, fomu na barua pepe sizigusi. Anayezitaka anipigie, nitamsaidia kwa moyo wote. Hapa nasimulia njia, maana yaliyonikuta yalinikuta njiani.

Nyumbani hadi kituoni

Kwa wasionijua vizuri, kwetu ni Sengerema, nje kidogo ya mji, kwenye mihogo na mahindi. Mama alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Kaka yangu ana familia yake Mpanda. Nilipomaliza nikarudi nyumbani, nikapata vipindi vya jiografia katika shule ya jirani, tukabaki wawili, mimi na Baba. Yeye hupika uji wa asubuhi, mimi hupika jioni, na ugomvi wetu mkubwa ni chumvi.

Mambo ya sayari niliyaanza kwa simu. Daktari Koku, aliyenifundisha miamba chuoni, ndiye aliyenifungua macho kwamba picha zinazopigwa na vyombo vinavyoizunguka Mirihi hazifichwi. Zinawekwa mtandaoni, mtu yeyote anazichukua bure, wa Sengerema sawasawa na wa Ulaya. Nikawa nazishusha kidogo kidogo bando linaporuhusu, na Baba akawa anavuta kiti tuangalie pamoja. Siku moja nilimwonyesha bonde lililokauka, lenye alama za mto wa zamani sana. Aliligeuza geuza kwenye kioo cha simu, akasikitika.

"Maji yalikuwepo, wakayaacha yakaondoka," akasema. "Na bonde zuri hivi!"

Tangu siku hiyo Baba akiitaja Mirihi huitaja kama shamba la jirani mzembe.

Kisha Daktari Koku akaandaa kozi ya wiki moja ufukweni karibu na Musoma, kwa wanafunzi na watafiti wanaoanza, akaniambia niombe. Siku ya mwisho kungekuwa na usaili, na mmoja wetu angepata ufadhili wa kwenda Ulaya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya sayari, miaka miwili. Nilimweleza Baba yote hayo jioni ileile, sikumficha kitu. Alisema ni jambo zuri sana. Kisha akatoka kwenda kufungia kuku, na kuku wenyewe nilikuwa nimeshawafungia.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito, na ninawaambia mapema ili msije mkasema sikuwaambia. Nikiipata nafasi hiyo, Baba anabaki peke yake katika nyumba ile. Niliitaka sana, na niliogopa kuipata, na siku nyingine sikujua kipi kimezidi.

Asubuhi ya kuondoka Baba akasema atanisindikiza hadi kituoni. Kwetu kusindikiza kuna utaratibu wake. Msindikizaji hageuki kwa hiari yake, maana akigeuka ni kama amekufukuza. Msafiri ndiye anayesimama na kusema, "Hapa panatosha, rudi." Akishasema, mwenzake anarudi, na yeye anaendelea na safari yake. Ni maneno ya kila siku, nimewaambia majirani na mashangazi mara nyingi bila hata kufikiri.

Kituoni nikasimama kuyasema. Baba alikuwa na suruali ya shambani, makubazi, na mwavuli, hana hata mfuko. Nikafungua mdomo, nikasema, "Baba, umekunywa dawa ya presha?"

"Nimekunywa."

Gari likaanza kunguruma. Nilipanda, na yeye akapanda, akakaa kando yangu, akaniomba nisogee dirishani.

Kivukoni

Siku hizi kuna daraja refu kule Busisi na watu wanavuka hawajanyanyuka hata kwenye kiti. Lakini nyumbani kwetu kwenda mjini ni kupita Kamanga, kwenye feri, na Baba haamini kama umesafiri usipoyagusa maji.

Tulikuta foleni imesimama. Ng'ombe mmoja, dume jekundu, alikuwa amelala katikati ya njia ya kuingilia ferini, na nyuma yake kulikuwa na malori, pikipiki, na wanafunzi wa uuguzi waliovaa sare nyeupe. Kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema avutwe mkia, mwingine alisema amwagiwe maji, na mwenye ng'ombe alikuwa ameketi kwenye gogo amekata tamaa kabisa. Tulikaa hapo mpaka nikanunua mihogo ya kuchemsha, nikaila, nikanunua mingine.

Baba hakuweza kuvumilia. Alinipa mwavuli, akaenda akachuchumaa mbele ya yule dume, akawa anamwambia maneno ya Kisukuma kwa sauti ya chini na kumkuna chini ya taya. Sijui alimwambia nini. Baada ya muda dume akanyanyua miguu ya nyuma, kisha ya mbele, akamfuata Baba taratibu hadi ndani ya feri huku watu wakipiga makofi.

Nilikuwa nimejiandaa vizuri sana kusema maneno yangu pale kivukoni. Nilishayapanga tangu nyumbani. Sasa utamwambiaje mtu arudi naye ameshika kamba ya ng'ombe katikati ya feri? Mlango ukapandishwa, tukaondoka. Mwenye ng'ombe akaja kushukuru, akamuuliza Baba anasafiri kwenda wapi.

"Mimi sisafiri," akasema Baba. "Nasindikiza."

Mjini, na kosa la Nyegezi

Tuliposhuka upande wa jiji Baba akasema hawezi kupita mjini bila kumsalimia Bwana Harish. Familia ya Bwana Harish ina duka la vitambaa na nguo karibu na soko tangu enzi za babu yake, na zamani Baba alipouza pamba alinunua sare zetu za shule pale. Wote wawili wamezeeka sasa. Bwana Harish alimwona mlangoni, akamsalimu kwa Kisukuma safi, "Mwangaluka, Masanja!" na wakashikana mikono muda mrefu kama ndugu waliopotezana, ingawa mmoja ni Mhindu na mwingine ni Mkatoliki.

Chai ikaja, yenye tangawizi mpaka inawasha. Bwana Harish akaniuliza nasomea nini siku hizi. Nikamwambia. Akamgeukia Baba.

"Sayari? Zile za juu?"

"Hizo hizo," Baba akasema kwa fahari ambayo aliificha vibaya. "Mirihi hasa. Kuna mabonde huko, yameharibiwa."

"Na wewe unakwenda naye?"

"Sisafiri. Nasindikiza."

Bwana Harish akamtazama kuanzia makubazi hadi kichwani. Akaingia ndani, akatoka na shati la mikono mirefu, rangi ya maziwa, bado liko kwenye karatasi yake. Baba alikataa, yeye akalazimisha, na ikawa kelele ya kiheshima ya wazee wawili mpaka mteja aliyekuwa akipimiwa kitenge akaingilia kati na kusema, "Baba, pokea, mtoto asome na wewe upendeze." Akapokea. Akalivaa palepale, juu ya suruali ya shambani.

Sasa kosa. Mimi nilijua kwamba mabasi ya Musoma yanaondokea Nyamhongolo, upande wa Ilemela, na nilimwambia. Lakini kwa Baba safari ndefu ni Nyegezi. Alipompeleka kaka yangu sekondari aliondokea Nyegezi. Mama alipokwenda Dodoma kwenye harusi ya dada yake aliondokea Nyegezi. "Basi kubwa linakaa Nyegezi," akasema, na akamwamuru dereva wa bajaji. Ningebisha, lakini nilifikiri moyoni kwamba kwenda Nyegezi kutaniongezea muda wa kukaa naye, nikapanda bajaji. Kwa hiyo kosa ni letu sote.

Nyegezi tulionyeshwa mabasi ya Dodoma, ya Dar, ya Bukoba, na kijana mmoja alikuwa tayari kutupakia kwenda Kigoma. La Musoma hapana. Tulipovuka jiji zima kurudi upande wa pili, basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Tukalala kwa shangazi, Kirumba, nyumba yake imekaa juu ya jiwe moja kubwa kama kuku aliyelalia mayai. Shangazi alitupikia wali na samaki wa nazi, akamuuliza kaka yake mara tatu anakwenda wapi, akajibiwa mara tatu vilevile. Mara ya tatu alinitazama mimi. Nikainamia sahani yangu.

Barabara ya Musoma

Asubuhi Nyamhongolo maneno yalinifika hadi kwenye meno. Baba alikuwa amesimama chini ya dirisha la basi, shati lake limenyooka, na nilichohitaji kilikuwa kuinama na kusema. Kondakta akapita akahesabu vichwa, akauliza, "Mzee, unaingia au unabaki?" Baba akanitazama. Mimi nikamtazama kondakta. Baba akaingia.

Nawaambia ukweli, nilianza kukasirika. Nilijisemea kwamba mzee huyu hawezi kuniacha, na kama hawezi kuniacha kwenda Musoma, Ulaya nitakwendaje? Nilikasirika hadi Magu. Kisha akalala, kichwa chake kikaangukia bega langu, hasira ikaisha.

Basi liliharibika baada ya Lamadi. Tulishuka wote tukakaa chini ya kivuli cha mgunga, ziwa linaonekana kwa mbali, na fundi akaingia chini ya basi, ikabaki miguu tu. Hapo ndipo tulipofahamiana na Mama Nyangeta, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Majita, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alifungua chombo chake, mlikuwa na ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, akatulazimisha kula. Nimekula dagaa maisha yangu yote, lakini wale wa kando ya barabara sitawasahau.

"Mnaenda msiba?" akauliza. Alipoona tuko wawili, mzee na binti, na mzigo mmoja, alifikiri hivyo.

"Hapana, mama. Naenda kozi."

"Ya ualimu?"

"Ya sayari. Miamba ya sayari nyingine, jinsi ilivyotengenezwa."

Alitafuna kwanza. "Sasa huko nani amewatuma? Ya hapa mmeyamaliza?"

Nikamweleza kwamba miamba ya kwetu huku ni ya zamani mno, ya wakati dunia bado changa, na kwamba anayeielewa hii anaweza kuisoma hata ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Akatikisa kichwa taratibu, akaridhika, akanijazia ugali. Kisha akamgeukia Baba.

"Na wewe baba, unasoma nini?"

"Mimi sisafiri. Nasindikiza."

"Toka wapi?"

"Sengerema."

Mama Nyangeta aliweka tonge chini. "Sengerema! Umelivuka ziwa, umeipita Mwanza, kesho kutwa uko Kenya. Baba, kwetu hiyo hatuiiti kusindikiza. Tunaiita kuhama!"

Abiria wote chini ya mgunga wakacheka, na Baba akacheka kuliko wote, mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati la Bwana Harish. Mimi nilicheka pia. Lakini yule mama alinisogelea baadaye tulipokuwa tunapanda, akaniminya mkono, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mwanangu, mwambie. Ni wewe unayetakiwa kumwambia." Hata kwao wanaujua utaratibu huo.

Bunda tuliipita bila kushuka. Sikumwambia.

Mawe ya ufukweni

Kozi ilifanyika kwenye hosteli moja iliyo mwambani, nje kidogo ya Musoma. Tulifika watu wameshakusanyika kwa ufunguzi, viti vimepangwa chini ya turubai. Waandaaji walikuwa wamemwalika mwenyekiti wa kijiji aje atukaribishe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Sasa anatokea mzee mwenye shati jipya na mwavuli, anatembea kwa heshima. Vijana wawili wakamkimbilia, "Shikamoo mzee, karibu, tulikuwa tunakusubiri wewe tu." Nilikuwa bado nahangaika na begi langu getini. Nilipoinua macho Baba alikuwa ameketi meza kuu, mbele yake chupa ya maji na maua ya plastiki.

Hapo ndipo ile picha ilipopigwa. Sasa mmejua.

Wakampa kipaza sauti. Baba ni mtu wa kuheshimu mwito, hakuona sababu ya kukataa. Akasimama, akasema, "Wanangu, mimi sisafiri, nimekuja kusindikiza. Someni kwa bidii. Na huko Mirihi maji yakipatikana tena, msiyaache yakaondoka." Akakaa. Watu walipiga makofi sana, na mwanafunzi mmoja kutoka Kampala aliniambia baadaye kwamba ilikuwa hotuba bora kuliko zote za ufunguzi alizowahi kusikia, kwa sababu ya urefu wake.

Mwenyekiti mwenyewe alifika kwa pikipiki wakati tunakunywa soda. Daktari Koku alitamani ardhi ipasuke. Lakini mwenyekiti alipoelezwa alicheka, akamshika Baba mkono, akasema mzee aliyemfanyia kazi yake hawezi kulala hosteli. Akamchukua nyumbani kwake, na huko ndiko Baba alikokaa wiki nzima, akila kambale na kubishana habari za mihogo. Nyumbani alimpigia jirani amlishie kuku, na dawa ya presha nilimnunulia Musoma.

Kuhusu kozi yenyewe naweza kuongea mpaka mkanikimbia. Asubuhi tulitembea kwenye miamba, tukijifunza kutazama ufa, rangi na umbo la jiwe kabla ya kulipa jina. Mchana tuliweka picha za Mirihi na za Mwezi ukutani na kutafuta maumbo yanayofanana na yale tuliyoyashika asubuhi. Nilichojifunza zaidi ni kwamba milango ipo mingi, ila sisi tunapita mbali nayo tukidhani ni ya wenyewe. Picha na vipimo vya vyombo vya angani ni vya wote. Kuna makundi yanayowapa wanafunzi kazi ya kutafuta asteroidi, yale mawe yanayolizunguka jua, kwenye picha za darubini, na kinachotakiwa ni kompyuta na uvumilivu. Kuna mikutano inayowasaidia nauli watafiti wachanga wakiomba mapema. Kuna wanasayansi waliokubali kulea mwanafunzi wa mbali kwa barua pepe, bila malipo, na wanalalamika kwamba kutoka kwetu hawaulizwi. Na kuna masanduku ya miamba yanayoazimishwa shule na vyuo kisha yanarudishwa, kama vitabu vya maktaba.

Sanduku moja la namna hiyo lilikuwepo. Ndani mlikuwa na vipande vya miamba vilivyokatwa vyembamba hadi mwanga unapita, na kipande cha kimondo kidogo kuliko punje ya mhindi. Siku ambayo Baba alikuja kututembelea Daktari Koku alimwekea kipande hicho kiganjani. Baba alikitazama muda mrefu.

"Hiki kimetoka juu kabisa?"

"Kabisa, mzee wangu. Kimetembea huko kabla hata binadamu hajakuwepo."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Masikini," akasema Baba, akakirudisha kwa mikono miwili.

Asubuhi ya usaili

Jioni ya kuamkia usaili Daktari Koku aliniita pembeni. Yeye ni Mhaya, hazunguki na maneno. "Kabula, kazi yako ni nzuri kuliko unavyofikiri. Kesho watakuuliza kama ukichaguliwa utakwenda. Sasa hivi nikikuuliza mimi, utajibu nini?"

Nikaanza kumweleza habari za dawa ya presha ya Baba. Akasubiri.

"Basi nenda ukatafute jibu," akasema, "kabla hujaingia mle."

Asubuhi niliwahi kwa mwenyekiti. Nilimkuta Baba ufukweni, ameketi juu ya jiwe la chini, miguu ndani ya maji, suruali ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Baba, nikichaguliwa nitaondoka."

"Ndiyo. Si ndiyo maana umekuja?"

"Utabaki peke yako."

"Nitabaki na kuku."

Hakutabasamu aliposema, na mimi sikuweza kucheka. Nikakaa kando yake. Nikamuuliza lile ambalo lilikuwa linanikaba tangu Sengerema. "Baba, kwa nini hukurudi?"

Akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Hukuniambia."

"Nilidhani huwezi kuniacha."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye huwezi. Kituoni ukaniuliza dawa. Kwenye basi ukamtazama kondakta. Nikasema basi, twende hivihivi hadi huko Ulaya, tuone nani atasimama."

Hapo nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, bila taarifa. Baba aliniacha nilie. Alikuwa anatazama maji. Kisha akasema, pole pole, kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani.

"Mama yako nilimsindikiza hadi mlango wa upasuaji. Wameshampa dawa, amelala. Wakampitisha na kitanda chake, mlango ukafungwa. Hakuniambia rudi. Nikakaa kwenye benchi. Hata walipokuja kunipa habari, sikutaka kunyanyuka, kwa sababu hakuniambia. Kabula, tumemzika, na mimi bado nasindikiza. Naamka asubuhi naona kama niko njiani na sijaruhusiwa."

Sikuwa najua. Miaka yote hiyo ya uji na chumvi, sikuwa najua.

"Sikukufuata ili nikuzuie," akasema. "Nimekufuata ili wewe uniambie. Yeye hakuweza. Wewe unaweza."

Nikasimama. Nilitaka kuyasema nikiwa nimesimama, kama inavyotakiwa. "Baba, hapa panatosha," nikasema, na sauti ikapotea.

"Sijasikia."

"Hapa panatosha, Baba. Rudi nyumbani."

Akatoa miguu majini. Akajifuta, akakunjua suruali, akavaa makubazi, akachukua mwavuli. Alifanya yote hayo bila haraka. Kisha akaniwekea mkono kichwani kwa muda, kama alivyofanya siku ya kipaimara changu.

"Haya, mwanangu. Nenda salama."

Akapanda njia ya kwenda kwa mwenyekiti kuomba pikipiki ya kumfikisha stendi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka ndani ya lile shati, na hakugeuka hata mara moja. Nilimpenda sana wakati ule.

Wasaili walikuwa watatu, mmoja kwenye kompyuta kutoka mbali. Waliniuliza kwa nini Mirihi. Nikawaambia kuna bonde kule ambalo mto uliliacha, na nyumbani kwetu kuna mtu linamuuma. Waliniuliza mengi mengine, mengine nilijibu vizuri, mengine nilibabaika. Mwishoni mama mmoja aliyevaa miwani akauliza, "Ukichaguliwa, kuna jambo lolote la nyumbani linaloweza kukurudisha nyuma?"

"Hapana," nikasema. "Nyumbani tumeshaagana."

Kurudi

Nilirudi peke yangu, na basi halikuharibika. Mwanza nilipita kwa Bwana Harish kumsalimia. Akaniambia Masanja amepita juzi, amekunywa chai, amekataa kuongezewa suruali. "Nikamuuliza anatoka wapi," akasema, "akaniambia, 'Nimerudi.' Hilo tu. Alikuwa anacheka."

Nyumbani nilimkuta uani anamenya mihogo. Uji wa asubuhi iliyofuata ulikuwa na chumvi nyingi, nikaunywa wote bila ugomvi. Baada ya siku kadhaa majibu yakaja kwenye simu wakati natoka darasani, na nikakimbia barabara yote na viatu mkononi hadi shambani. Nimeipata, rafiki zangu. Baba aliniangalia ninavyohema, akajua kabla sijasema, akaketi juu ya tuta na kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikaketi naye.

Naondoka mwezi ujao. Nitapanda ndege Mwanza, uwanja wa Ilemela, kwenda Dar, kisha mbele. Kaka atakuja na watoto wakae nyumbani likizo yote, na jirani ameahidi kuangalia dawa ya presha. Jana nimemkuta Baba anapiga pasi lile shati la rangi ya maziwa, na mwavuli ameuegemeza mlangoni. Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi.

"Sisafiri," akasema. "Nasindikiza."

Tukakubaliana iwe mpaka mlango wa kioo wa uwanja wa ndege, na nikamwahidi kwamba nikifika pale nitasimama nimwambie. Akaligeuza shati, akaanza mkono wa pili.

"Uniambie kwa sauti," akasema. "Pale pana kelele za ndege."